Nani Anazikagua Hesabu za Mchambuzi?

Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba mwaka 2020, majibu 15,841 ya watu waliogundulika kuwa na virusi vya korona hayakuingia kwenye taarifa za kila siku nchini Uingereza. Maabara zilipima, wagonjwa walipewa majibu yao, na hakuna aliyefuta kitu. Tatizo lilikuwa njiani. Faili za maabara zilipakiwa kwenye Excel ya muundo wa zamani, ule wa XLS, ambao ukomo wake ni mistari 65,536. Kwa kuwa jibu la mtu mmoja lilikula mistari kadhaa, jedwali lilijaa likiwa na watu wapatao 1,400 tu. Waliozidi wakadondoka kimya kimya, na watu waliokaribiana nao wakachelewa kutafutwa.

Excel ilichekwa dunia nzima. Ilistahili, lakini si kwa kiasi kile. Muundo mpya wa XLSX hubeba mistari 1,048,576, nao pia una mwisho wake, na hifadhidata ya SQL hupoteza mistari vizuri tu ukiunganisha majedwali vibaya. Kilichokosekana ni kulinganisha namba mbili: mistari mingapi imetoka maabara na mingapi imeingia kwenye jedwali. Zikitofautiana, kazi inasimama hapo hapo. Ukaguzi huo hauchukui hata dakika moja, na ni nadra kuukuta kwenye vitabu vya takwimu. Mtu huupata kwa mchambuzi mwenzake aliyewahi kung'atwa na kosa hilo kabla yake. Ndiyo maana tunasema jumuiya ya wachambuzi wa data za afya na sekta ya umma ina sababu moja tu inayotosha kuwepo: kila hesabu inayotoka ofisini ipite kwanza mbele ya jicho la pili. Mikutano ya mwaka, vyeti na kozi za programu mpya ni mapambo. Yanapendeza, ila jumuiya isiyokagua kazi za wanachama wake ni chama cha kujuliana hali.

Tazama mchambuzi huyu anavyoishi kazini. Idara nzima ina mtu mmoja anayejua kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta ya kukokotoa. Kuna madaktari, wahasibu na wakurugenzi, wote wasomi, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kuusoma msimbo wake na kusema hapa umekosea. Bosi atasahihisha herufi kwenye ripoti na kulalamikia rangi za chati. Jinsi jedwali la wagonjwa lilivyounganishwa na jedwali la vituo, hilo haligusi. Nyani haoni kundule, na kwenye ofisi ya namna hii hakuna nyani wa pili.

Upande mwingine wa jambo hilo unachekesha kidogo. Hospitali 50 zina wachambuzi 50, na wote wanakokotoa vitu vile vile: siku alizolazwa mgonjwa, asilimia ya vitanda vilivyojaa, wagonjwa waliorudi wodini ndani ya siku 30. Msimbo mmoja unaandikwa mara 50, kila mara na kosa lake. Kampuni mbili za simu zina sababu ya kufichana hesabu zao. Hospitali mbili za umma hazina.

Ugumu unaanza kwenye maana za maneno, kabla mtu hajafungua kompyuta. Mgonjwa ameingia tarehe 3, ametoka tarehe 5. Amelala siku ngapi? Anayehesabu usiku atasema 2, anayehesabu tarehe atasema 3. Wodi ambayo wastani wake ni usiku 2 itaonekana na wastani wa siku 3 kwa mtu wa pili, yaani imezidi kwa nusu nzima bila kitanda hata kimoja kuongezeka. Aliyeingia na kutoka siku hiyo hiyo ni sifuri au ni moja? Vitanda vinahesabiwa saa sita usiku au saa sita mchana? Mchana ndipo wanaosubiri ruhusa ya kutoka na wanaosubiri kuingia wanapokutana, hivyo hesabu za saa hizo mbili hutofautiana hata kwenye wodi moja siku moja. Kwa waliorudi ndani ya siku 30, hali ni mbaya zaidi. Siku zinaanza kuhesabiwa alipolazwa au aliporuhusiwa? Anayekuja kwa tiba ya saratani kila wiki tatu, kwa tarehe aliyopangiwa, amerudi kwa sababu alitibiwa vibaya? Na aliyehamishiwa hospitali ya rufaa, akiandikwa kwanza kuwa ametoka na kisha kuwa amelazwa, atamharibia mtu takwimu bila kosa la yeyote.

Kila ofisi ina majibu yake kwa maswali hayo, na mara nyingi yamo ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Kazi ya kwanza ya jumuiya ni kuyatoa humo na kuyaweka kwenye karatasi moja au mbili kwa kila kiashiria: nani anahesabiwa juu ya sehemu, nani anahesabiwa chini yake, nani anaachwa nje na kwa nini, tarehe ipi ndiyo inayoshika, asiyejulikana umri au jinsia anawekwa wapi, toleo la ngapi, limebadilishwa lini. Si kazi yenye sifa. Hata mradi wa mifumo ya taarifa za afya wa HISP, ulioanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na kuzaa DHIS, programu ya kukusanya takwimu za afya, ambayo toleo lake la pili sasa linatumiwa na wizara za afya katika nchi nyingi, ulikuwa na mabishano mengi kuhusu orodha fupi ya data zinazohitajika kweli. Programu bila makubaliano hayo husambaza tu mkanganyiko kwa kasi.

Karatasi peke yake haitoshi, kwa sababu watu wawili huisoma sentensi moja wakaandika misimbo miwili. Hapo dawa ni wagonjwa wa kubuni. Tengeneza jedwali la watu 20 wasiokuwepo duniani, kila mmoja amebeba mtego wake. Mmoja ameingia saa 5:50 usiku na kutoka saa 6:10, dakika ishirini zinazovuka tarehe. Mwingine bado yuko wodini, tarehe ya kutoka iko wazi. Wa tatu ametoka kabla ya kuingia, kama makarani waliochoka wanavyoandika wakati mwingine. Wa nne ana namba mbili za faili, wa tano amezaliwa tarehe 29 Februari, wa sita amehamishwa hospitali mbili kwa siku moja. Wanajumuiya wakae pamoja, wakokotoe jibu kwa mkono, wakubaliane nalo, waliandike pembeni ya jedwali. Kuanzia siku hiyo, yeyote anayesema amekokotoa kiashiria hicho aupitishe msimbo wake kwenye watu hao 20. Ukitoa jibu tofauti, hakuna haja ya kubishana kuhusu vyeo.

Jicho la pili si wazo la juzi. Mwaka 1854, daktari John Snow alikuwa akisema kipindupindu kinasafiri kwenye maji, na William Farr, mchambuzi wa ofisi ya usajili wa vizazi na vifo Uingereza, alikuwa bado akiamini kinatokana na hewa chafu. Hakukubaliana na Snow, lakini alimpa anwani za waliofariki, kisha akawataka wasajili waandike kila nyumba ya marehemu inapata maji kutoka kampuni ipi. Snow alipomaliza, nyumba 40,046 za kampuni ya Southwark and Vauxhall zilikuwa na vifo 1,263, na nyumba 26,107 za Lambeth zilikuwa na vifo 98. Ni vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 upande mmoja, na 37 upande wa pili. Ilipofika mlipuko wa mwaka 1866, Farr mwenyewe alikuwa amegeuka. Wengi humkumbuka Snow kwa ramani ya pampu ya maji ya mtaa wa Broad, London. Mchambuzi ataiangalia zaidi namba ya chini, idadi ya nyumba, kwa sababu bila hiyo vifo 1,263 havisemi lolote. Na ataliangalia tendo la Farr, la kumpa data mtu anayekupinga ukijua ataitumia kukupinga.

Ukaguzi wenyewe unafanywaje? Kwanza, ubaki mdogo. Mistari 200 ya msimbo kwa kikao cha dakika 45 inatosha. Mtu akiletewa mistari 2,000 atasema “iko vizuri” na kurudi kwenye kazi zake. Mkaguzi atoke ofisi nyingine ikiwezekana, kwa sababu wa ofisi moja amekwishazoea kosa. Data za wagonjwa haonyeshwi. Anaona msimbo, wagonjwa wa kubuni, na hesabu za mistari kila hatua.

Na aanzie kwenye maunganisho ya majedwali, kwa kuwa hapo ndipo maiti nyingi zimezikwa. Una wagonjwa 10,000 na orodha ya vituo vya afya. Kituo kimoja kilibadilishwa jina, hivyo namba yake iko kwenye orodha mara mbili, kwa jina la zamani na jipya. Kama wagonjwa 600 walitibiwa hapo, ukiunganisha utapata mistari 10,600. Kompyuta haitalalamika. Jumla itapanda kwa asilimia 6, kituo hicho kitaonekana kimehudumia watu 1,200, na mtu mwenye bidii atakiandikia barua ya pongezi. Kosa la upande wa pili ni namba ya kituo 00417 iliyofunguliwa kwenye Excel ikawa 417. Hailingani tena na orodha, na wagonjwa wake wote wanatoweka. Jambo hili limewashinda hata wanajenetiki. Excel ilikuwa ikigeuza jina la jeni SEPT1 kuwa tarehe ya Septemba, hadi kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ikasalimu amri na kuibadilisha kuwa SEPTIN1. Waliona ni rahisi kubadilisha jina la jeni kuliko tabia ya programu.

Kwa hiyo mkaguzi anauliza: namba inayounganisha ni ya pekee upande mmoja angalau? Imesomwa kama maandishi au kama tarakimu? Kabla ya kuunganisha kulikuwa na mistari mingapi, baada yake mingapi, na wangapi hawakupata mwenzi? Mwandishi wa msimbo akiwa hana majibu hayo matatu, kikao kimekwisha, arudi wiki ijayo.

Jumuiya inaleta pia zana ambazo mtu mmoja hawezi kuzijenga na kuzitunza. Mfano mzuri ni chati ya udhibiti, ile aliyoianzisha mtaalamu wa takwimu Walter Shewhart katika miaka ya 1920. Vikao vingi vya menejimenti huliwa na swali moja: mbona mwezi huu namba imepanda? Chukua walau miezi 12 au zaidi ya kiashiria. Tafuta wastani. Tafuta tofauti kati ya kila mwezi na uliofuata bila kujali alama ya kutoa, kisha wastani wa tofauti hizo. Uzidishe kwa 2.66, ujumlishe kwenye wastani wa kwanza, halafu uutoe. Ikiwa wastani ni wagonjwa 120 kwa mwezi na tofauti za wastani ni 10, mipaka ni 93.4 chini na 146.6 juu. Mwezi ukileta 138, hiyo ni namba ya kawaida ya mfumo huo, na hakuna mkuu wa idara anayepaswa kuandika maelezo. Lakini pointi 8 mfululizo juu ya wastani, hata kama zote ziko ndani ya mipaka, ni habari. Wengine hutumia 7. Chagueni moja mapema na msiibadilishe baada ya kuiona chati.

Hesabu hiyo ni ya dakika kumi. Kuifanya kila mwezi kwa viashiria 80 na vituo 60 ni kazi nyingine kabisa. Nchini Uingereza, jumuiya ya NHS-R, inayowakutanisha wachambuzi wa afya wanaotumia R, lugha ya kuandikia msimbo, ina kifurushi kinachochora chati hizi, kilichoandikwa na kutunzwa na watu wa taasisi tofauti, na yeyote anakitumia bila malipo. Kosa likirekebishwa mara moja, limerekebishwa kwa wote.

Hali ni hiyo hiyo kwa jedwali la ligi, yaani kuzipanga hospitali kama timu za mpira, ugonjwa sugu wa sekta hii. Hospitali ndogo imefanya operesheni 40 na wagonjwa 2 wakafariki: asilimia 5. Kubwa imefanya 2,000, wakafariki 60: asilimia 3. Gazeti litaandika ndogo inaua. Sasa kokotoa: kama hatari halisi ni asilimia 3 kila mahali, uwezekano wa kupata vifo 2 au zaidi kati ya operesheni 40 ni takriban asilimia 34, yaani hospitali moja kati ya tatu za ukubwa huo kwa bahati tupu. Chati ya faneli, yenye mipaka mipana kwa vituo vidogo na myembamba kwa vikubwa, inalionyesha hilo kwa jicho moja. Mchambuzi aliye peke yake akimwambia mkurugenzi kwamba jedwali la ligi linapotosha, ataonekana mbishi. Akiweka mezani mwongozo wa jumuiya nzima unaosema hivyo, mazungumzo yanabadilika. Nguvu hii ya kukataa kwa adabu haitajwi sana, na huenda ni faida kubwa kuliko misimbo.

Pingamizi litakalokuja haraka ni usiri. Wagonjwa wasitajwe, kwa hiyo tusishirikishane kitu. Hapa watu huchanganya msimbo na data. Msimbo unaosema “hesabu wenye umri chini ya miaka 5” haumtaji mtoto yeyote. Hatari zipo, ila ziko mahali panapojulikana: nenosiri la hifadhidata lililoandikwa ndani ya msimbo, namba ya mgonjwa iliyowekwa kwenye maelezo ya pembeni kama mfano, matokeo yaliyosahaulika chini ya daftari la msimbo la Python, lugha nyingine kama R. Na anayetumia Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, akumbuke kwamba kufuta mstari wenye nenosiri hakulifuti, liko kwenye historia ya matoleo. Likishatoka, dawa ni kulibadilisha siku hiyo hiyo.

Namba ndogo ndizo zinazohitaji umakini kweli. Desturi iliyoenea ni kuficha kisanduku chenye watu chini ya 5. Lakini jedwali linaloonyesha 21, 14, 9 na nyota moja, na chini yake jumla 47, halijaficha kitu: 47 ukitoa 44 ni 3. Lazima kisanduku cha pili kifichwe pia, au jumla isionyeshwe, au namba zote zikadiriwe kwa 5 iliyo karibu. Na jedwali la wilaya lisikutane na lile la mkoa kwa namna inayoruhusu kutoa moja kwenye lingine. Mitego hii ya kutoa inaonekana upesi kwa mtu asiyelijua jedwali. Mwenye jedwali huona nyota na kuridhika.

Kuhusu kinachoziua jumuiya hizi, ushabiki wa programu ni sababu ndogo. Mabishano ya R na Python yanachosha, na anayeyaendesha kila kikao apewe kazi ya kuandika kumbukumbu. Muuaji mkubwa ni muda. Ukaguzi hufanywa jioni na watu wawili wenye moyo, mmoja anahamishwa kazi, wa pili anachoka, na mwaka unaofuata kinabaki kikundi cha kutumiana matangazo ya ajira. Ripoti ya daktari na mtafiti Ben Goldacre kwa serikali ya Uingereza, iliyotolewa Aprili 2022, ilihimiza wachambuzi wa afya wawe na muundo wa taaluma na msimbo wao uwe wazi. Lugha ya kiutumishi ndiyo yenyewe hapo: saa mbili za kila wiki za kukagua kazi za wenzako ziandikwe kwenye majukumu ya nafasi, na zihesabiwe wakati wa tathmini. Zisipoandikwa huliwa na ripoti ya haraka, kwa sababu ripoti ya haraka ipo kila wiki.

Muuaji wa pili ni kozi ya siku moja. Watu 40 wanajifunza R kwa data za mazoezi za maua, wanapewa vyeti, wanarudi kwenye kompyuta ambazo idara ya mifumo haijaruhusu R ipakiwe. Wiki sita baadaye wamesahau yote. Afadhali watu 6, kila mmoja na ripoti yake ya kweli ya mwezi, wasiondoke hadi ripoti hiyo ijitengeneze kwa msimbo, na mtu awapigie baada ya wiki mbili, kisha baada ya sita. Kuhusu ruhusa ya kupakia programu, jumuiya iandike hati moja ya usalama inayojibu maswali ya idara za mifumo, wote waitumie. Maswali yale hayabadiliki kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Limebaki jambo ambalo jumuiya nyingi hulikwepa. Ukaguzi ukifanya kazi, utakuta makosa, na mengine yatakuwa kwenye namba zilizokwisha kutangazwa. Mtu akijua kwamba kukutwa na kosa ni kufukuzwa, hataleta msimbo wake tena, na hakuna kanuni itakayomlazimisha. Kwa hiyo utaratibu ukubaliwe kabla ya kosa la kwanza, na wakuu wa taasisi wautie saini. Mkaguzi anamwambia mwandishi peke yake kwanza. Mwandishi ana siku moja ya kazi kuthibitisha. Kosa likiwa halibadilishi uamuzi wowote, linarekebishwa kwenye toleo lijalo na kuandikwa kwenye daftari la mabadiliko. Likiwa linaubadilisha, mkuu wa idara anaambiwa siku hiyo, ripoti inatolewa upya ikiwa na tarehe mpya, namba ya zamani na mpya kando kando, na sentensi moja inayosema nini kilitokea, kwa mfano: “kituo kimoja kilihesabiwa mara mbili kwa sababu orodha ya vituo ilikuwa na majina yake mawili.” Faili la zamani halifutwi. Jina la mchambuzi halitajwi. Na mtego uliomnasa unaongezwa kwenye lile jedwali la wagonjwa wa kubuni, ambao sasa ni 21.